Mchanga wa Kona ya Mbarande

Nesta alimimina chai katika vikombe vitatu akangoja. Kikombe cha kwanza, cha maji yaliyopita kwenye matumbawe yaliyopondwa, kiligeuka cheusi kabla hajakaa. Cha pili, cha maji yaliyochujwa kwa makaa ya vifuu, kikawa rangi ya matope. Cha tatu, cha maji yaliyopita kwenye mchanga wa mto, kilibaki rangi ya chai. Aliinywa yote, ingawa haikuwa na sukari, kisha akavisuuza vikombe akarudi kupiga deki.

Maji ya kisima cha zahanati ya Ngalisu yalikuwa na chuma, na chuma huigeuza chai nyeusi. Yalitoka kwenye pampu meupe, yakikaa kidogo yanakuwa mekundu. Wali ulipikika mweusi, na mashuka ya waliojifungua yakawa na rangi ya kutu hata yafuliwe mara ngapi. Watu hawakutaka kuyanywa. Walirudi kwenye kijito kinachopita chini ya mashamba ya michikichi, na kuhara kukarudi nao. Tena dawa ya kuua vijidudu haikufaa kitu, kwa kuwa chuma huila dawa kabla haijafanya kazi.

Maelanga, fundi wa maji kutoka Honiara, mji mkuu, alikuwa ameleta mapipa mawili ya plastiki.

"Mapipa haya hapa, mabomba haya hapa," alimwambia Nesta. "Cha kujazia ndani mtachagua wenyewe, mama. Nitarudi kupima mwisho wa mwezi wa nane. Maji yakishindwa, chumba cha kuzalia kinafungwa. Usinitolee macho, amri si yangu."

Nesta alikuwa mfagizi tu wa zahanati, lakini kazi ile ilimwangukia yeye kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Alijaribu kwa wiki kumi. Alitoboa kopo la samaki kwa msumari, maji yakadondoka kama mvua kwanza, yapate hewa, ndipo yaingie kwenye mchanga. Mchanga wa pwani ulikuwa na chumvi. Ule wa kijitoni ulikuwa na udongo. Uliofaa ni wa kona ya mto Mbarande, wenye punje ngumu kama mtama, naye alikuwa nao ndoo moja tu. Wiki mbili za mwanzo haukufanya lolote. Wiki ya tatu punje zikavaa ganda la manjano, na tangu hapo ukaanza kukinasa chuma wenyewe. Sista Mirian, muuguzi, alipotaka umwagwe kwa uchafu, Nesta alisimama mbele ya ndoo.

"Huu ndio umeiva, Sista," alisema. "Mchanga mpya haujui kazi."

Alitaka maji hayo yafaulu kipimo. Binti yake Pamela alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza wa Pamela alizaliwa barabarani, kwenye matope, akafa kabla hawajafika hospitali ya mjini. Safari hii Nesta alitaka binti yake azalie katika chumba kile, hatua arobaini kutoka nyumbani. Hakuomba jingine.

Na kona ya Mbarande ilikuwa yake. Huku kisiwani Guadalkanali ardhi hufuata tumbo: ilitoka kwa bibi ikaja kwa mama, ikatoka kwa mama ikaja kwake yeye, binti wa kwanza. Ila ardhi ni ya wanawake na kinywa ni cha wanaume. Kampuni ya changarawe ilipokuja, aliyetia saini ni kaka yake, Ezron. Sasa kona ilikuwa na uzio na mlinzi.

Maelanga alirudi mapema, akaitisha mkutano kwenye baraza ya zahanati. Ezron alipoingia, Nesta aliondoka njiani, akaenda kukaa nyuma kabisa, uso ukutani. Ndivyo ilivyo. Dada hapiti mbele ya kaka, hamtaji jina, hampingi mbele za watu. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mke wa kaka. Akivunja, faini ni nguruwe na mikufu ya kome, fedha ya jadi, na aibu ambayo nguruwe haimalizi.

"Tumejaribu, na mchanga wa kona umeshinda," Maelanga alisema. "Nahitaji gari moja tu la mchanga. Mwenye ile kona ni nani, nimwombe?"

Watu walitazama miguu yao. Ajuza mmoja alitema mate mekundu ya tambuu.

"Mwenyewe yumo humu humu," alisema. "Ila kinywa chake kimekaa kiti cha mbele."

Wanawake walicheka chinichini. Ezron hakucheka. Alikuwa amevaa kofia ya kampuni.

"Mchanga wa kona umeshauzwa," alisema. "Lakini kampuni si wabaya. Watatupa vumbi la mawe kutoka kwenye mashine yao, bure, na fulana kwa kila nyumba."

"Vumbi ni laini mno, mzee. Litaziba, halafu mawe yale yenyewe yana chuma."

"Kijana, wewe mtu wa Malaita?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mambo ya ardhi hapa yapitie mbali."

Maelanga akainama, akajifanya anatafuta kalamu. Kila mtu pale aliikumbuka miaka ya mapigano kati ya visiwa hivyo viwili, na nyumba za watu wa Malaita zilivyoteketea.

Nesta alimsogelea Loisi, mke wa Ezron, aliyekuwa amekaa mbele yake.

"Wifi," alinong'ona, "mwambie gari moja tu. Mwambie ni kwa ajili ya Pamela."

"Nimwambie mimi?" Loisi hakugeuza shingo. "Halafu nikalale wapi, wifi?"

"Mwambie tu. Mimi siwezi, unajua."

Loisi alimtazama mumewe. Kisha akasimama, akakunja mikono tumboni.

"Dada mtu ana neno," alisema kwa sauti. "Anasema anashukuru."

Makofi yakapigwa. Nesta aliutazama ukuta. Palikuwa na ufa, na sisimizi wakipanda ndani yake mmoja mmoja. Angeweza kusimama akasema hapana. Hata hasira hakuiona ilipo. Alisikia baridi ya sakafu tu.

Vumbi lilikuja Jumatatu. Vijana wa kampuni waliyajaza mapipa, Ezron akapigwa picha akifungua bomba. Aliiona ndoo ya Nesta pembeni, akamwuliza Sista mchanga mchafu kama ule unafanya nini kwenye zahanati. Ukamwagwa njiani kuziba dimbwi. Nesta aliukanyaga alipokwenda nyumbani, na kesho yake akaukanyaga tena.

Mwisho wa mwezi wa nane Maelanga alipima mara mbili. Mara zote mbili maji yalikuwa mekundu kuliko mwanzo. Alimwomba Nesta radhi, na Nesta akamwambia asijali, kama mtu aliyekanyagwa mguu sokoni. Sista Mirian akatia kufuli chumba cha kuzalia.

Uchungu ulimshika Pamela siku ya tisa baada ya hapo, saa nne asubuhi. Boti ya kwenda mjini haikuwepo. Lililopita ni lori la kampuni, likitoka kwenye kona likielekea mjini, na Nesta akalisimamisha kwa kanga mkononi. Kiti kimoja cha mbele kilikuwa kitupu. Kwenye cha pili alikuwa amekaa Ezron.

Dereva alitazama tumbo la Pamela, akamtazama Ezron. Mambo ya uzazi hayaonwi na mjomba. Hata kuyasikia ni mwiko. Ezron aligeuza uso upande wa pili, kwa heshima kabisa, akapandisha kioo.

"Wapande nyuma," alimwambia dereva. "Na uende polepole."

Wakapanda nyuma. Lori lilikuwa limejaa mchanga hadi ukingoni. Nesta alichimba kwa mikono, akamtengenezea binti yake shimo la kulalia, akamfunika uso kwa kanga asipigwe na jua. Zilibaki saa mbili kufika hospitali.

"Mama, yametoka," Pamela alisema walipofika daraja la pili. "Maji yametoka."

Nesta aliona. Yalikuwa meupe. Mchanga uliyanywa yote mara moja. Alichota ule uliolowa, akaupukutisha nje ya lori, akachota mwingine mkavu akaweka mahali pake. Ulikuwa wa punje ngumu, saizi ya mtama, usio na udongo hata chembe.