Mtoto Mikononi mwa Wifi

Kwa siku sita tangu ajifungue, maziwa ya Kokwijuka yalikataa kutoka. Kila adhuhuri wifi yake Jovita, aliyekuwa akinyonyesha mwanawe, alipita akitoka shamba la ujamaa, akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni na kumnyonyesha mtoto wa Kokwijuka pia.

"Anagugumia kama mzee aliyeona pombe ya rubisi," Jovita alicheka. "Wifi, huyu sasa ni wangu!"

Kokwijuka alimsikia mwanawe akimeza, fundo baada ya fundo, na wivu ukamshika. Mara gauni lake likalowa kifuani. Maziwa!

"Nipe mwanangu."

"Hajashiba, wifi."

"Nimesema nipe!"

Mtoto alilia, akahangaika, kisha akalishika titi la mama yake, akanyamaza. Kokwijuka alitaka kusema asante, lakini kinywa kikatoa jingine:

"Kesho usijisumbue kupita."