Sanduku la Mashine ya Figo

Alfayo ndiye aliyekusanya zile sahihi. Alikuwa dereva wa familia moja huko Suwaidi, Riyadh, na kila Ijumaa aliwakalisha Wakenya wenzake, akiwaka.

"Serikali kuu ikileta kitu, wakubwa wa hospitali yetu ya kaunti kule nyumbani wanapokea na kula! Bunge la kaunti likague kwanza, ndipo wapokee!"

Watu mia mbili walitia sahihi. Bunge likapitisha sheria.

Mwaka uliofuata serikali kuu ilileta mashine ya kusafisha figo. Ikakaa kwenye sanduku, ukumbini mwa hospitali, ikingoja kamati ya bunge, nayo kamati ikaahirisha kikao mara tatu. Mamake Alfayo, figo zimechoka, alisafirishwa saa tatu nzima hadi mji mwingine kusafishwa damu.

"Wapigie waharakishe," dadake, Roseline, alimsihi kwa simu. "Wewe watakusikiliza."

"Sheria ni sheria! Tukiiruka leo kwa sababu ya mama, kesho wataiba tena."

Mama alifariki nyumbani Jumanne. Alfayo alikuwa amempeleka bosi wake Jeddah, akaomba ruhusa akazike.

"Likizo mafi, hakuna," bosi akasema.

Alhamisi, akiwa garini akimngoja bosi huyo, simu ililia. Alikuwa karani wa bunge la kaunti, kajaa furaha.

"Hongera, ndugu yangu! Mashine imepitishwa. Na kwa heshima yako, kamati imeamua mamako awe wa kwanza. Atafika hospitalini lini?"

"Yuko hapo tangu juzi," Alfayo akasema. "Waulize watu wa mochari."