Mawaridi ya Upande wa Jikoni

Ngendo alirudi nyumbani Giakanja na begi moja, kwa wiki mbili tu. Hivyo ndivyo alivyomwambia Kathambi, msimamizi wake katika bustani ya hoteli moja huko Nanyuki. Mama yake, Njoki, alikuwa amepooza upande wa kushoto, na ilibidi mtu amwangalie mpaka apate nguvu. Wiki mbili zikawa miezi, miezi ikawa miaka, na sasa ulikuwa mwaka wa nne.

Hakuna aliyewahi kumwuliza kama angebaki. Ndugu yake mdogo, Muriithi, alikuwa na kazi Nairobi, mke na watoto wawili. Ngendo hakuwa na mume wala mtoto, na kila mtu pale kijijini aliona jambo hilo limejijibu lenyewe. Wasichana watatu wa kazi waliletwa, mmoja baada ya mwingine. Njoki aligoma kula mbele yao mpaka wakafungasha. Kwa mkono wa Ngendo alikula vizuri, akamaliza na mchuzi.

Mwaka wa pili Kathambi alimtumia vijiti vya mawaridi, mabaki ya kupogoa, vimefungwa kwa gazeti lililoloweshwa. Ngendo alivikata kila kimoja urefu wa penseli, chini kidogo ya jicho la chipukizi, akavichomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga na kuvifunika kwa chupa za plastiki alizozikata vitako. Kati ya thelathini, kumi na vinane vilishika. Akavihamishia upande wa jikoni, pale palipokuwa na tuta la sukuma wiki. Mama yake alilalamika juma zima kwamba hakuna ng'ombe anayekula hiyo kitu.

Upande huo haukuonekana kutoka barazani, ambako Njoki alishinda kwenye kiti chake, blanketi magotini. Ngendo akipotea kidogo tu, mama aligonga mkono wa kiti kwa kikombe cha bati. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kujua aliko. Ngendo alikuwa ameshajua kwamba kati ya mlio mmoja wa kikombe na mwingine angeweza kupogoa mashina matatu, au kuponda vidukari, wale wadudu wadogo, kwa vidole kwenye machipukizi ya mashina matano, au kumwaga samadi kwenye safu nzima kama angefanya haraka. Maisha yake yote alikuwa ameyakata kwa kipimo hicho. Hata kanisani aliketi akisikiliza kikombe.

Lakini mawaridi yalikubali. Yalikuwako mekundu, ya rangi ya maziwa, na moja la manjano lililochanua hata wakati wa ile baridi ya Julai ambapo ukungu haunyanyuki hadi saa sita mchana. Akina mama wakipita kupeleka maziwa walisimama uani kuyatazama, na Ngendo alipowaeleza kwa nini maji humwagwa shinani asubuhi wala si juu ya majani, sauti yake ilirudi kuwa ile ya mtu mwenye kazi yake.

Mwezi wa tano Kathambi alipiga simu. Alikuwa anastaafu, na hoteli ilimwomba ataje mtu wa kushika bustani yote. Alikuwa amemtaja Ngendo. Angeanza tarehe mosi Juni na kukaa kwenye nyumba za wafanyakazi.

Ngendo alisikiliza akiwa amesimama kati ya mawaridi, mkasi mkononi. Kikombe kiligonga mara mbili kabla hajamaliza kushukuru.

Jioni hiyo alimpigia Muriithi. Alimwomba kitu kimoja: Mama aende Nairobi kwake miezi mitatu, halafu wangeona. Muriithi alisema atakuja Jumamosi waongee kama watu wa familia. Sauti yake ilikuwa ya upole, na Ngendo alilala akipanga nguo kichwani.

Jumamosi Muriithi alifika na mkewe, Sophie, na mtu wa tatu aliyeshika futi kamba. Aliitwa Wamae, naye alikuwa fundi wa kujenga. Muriithi alimshika dada yake bega akampeleka upande wa jikoni, akamwonyesha kwa furaha mahali ambapo nyumba yake ingesimama: chumba cha kulala, sebule ndogo, choo cha ndani, na mlango wa kuingilia moja kwa moja kwa Mama. Alikuwa amefikiria sana ile simu, akasema. Alikuwa ameona kweli wamemwacha dada yao akilala kwenye chumba cha magunia kama mgeni.

"Sitaki nyumba," Ngendo alisema. "Niko na kazi Nanyuki. Nilikuomba miezi mitatu."

"Mama hawezi kukaa gorofa ya nne, Ngendo. Unajua hivyo. Na hapa utakuwa na kwako, hakuna mtu atakuondoa."

Alisema maneno hayo ya mwisho kama zawadi. Ngendo alimtazama Wamae, ambaye tayari alikuwa akipigilia vigingi katikati ya safu ya mawaridi. Hasira angeielewa, na ubahili pia angejua namna ya kuupinga. Lakini ndugu yake alikuwa amekuja na wema, na Ngendo hakuona pa kuushika wema huo ili ausukume. Waliporudi barazani Muriithi alimweleza mama mpango wote, na Njoki akalia kwa furaha kwa upande mmoja wa uso. Sophie alikunywa chai yake.

Mawe yangeletwa Jumatatu ya pili baada ya hapo. Ngendo alimpigia Kathambi akamwambia hataweza. Kisha akamwuliza kama hoteli ingeyachukua mawaridi, maana hapakuwa na mahali pengine ambapo ng'ombe hawangeyakanyaga.

Siku mbili zilizofuata alimhamisha mama na kiti chake hadi upande wa jikoni, kwa kuwa hii haikuwa kazi ya kufanywa vipande vipande. Alikata kila shina hadi likabaki na macho matatu. Akachimba kwa kulizunguka, mbali na mizizi, akalinyanyua na bonge lake la udongo na kulifunga kwa gunia lililolowa. Mvua ilikuwa ikinyesha na kuacha. Mikono yake ilijaa miiba mpaka akaacha kuihesabu.

Njoki alitazama bila kugonga chochote. Maneno yalimtoka polepole tangu augue, na mengi aliyaacha njiani. Shina la kumi lilipotoka alisema, "Ulipoenda Nanyuki, niliomba Mungu akurudishe."

Ngendo aliacha kuchimba.

"Sikumwambia anipige ndio akurudishe," mama yake alisema. "Lakini nilifurahi. Hata hospitali, nilifurahi."

Ngendo alikuwa amemfikiria mama yake kama mgonjwa, kama mzigo, siku nyingine kama mtoto. Hakuwa amewahi kumfikiria kama mtu aliyemtaka kiasi hicho. Alimfuta mvua usoni kwa ncha ya leso, akarudi kwenye jembe. Alijua sasa kwamba kile kikombe hakingekoma hata mama angepona.

Pikapu ya hoteli ilikuja Ijumaa, Kathambi mwenyewe akiwa mbele na dereva. Walipakia mashina yote kumi na manane. Kiti cha katikati kilikuwa wazi, na Kathambi alikitazama mara moja tu. Ngendo alimkumbusha asiyafukie mashina kupita alama ya udongo, na yale ya rangi ya maziwa yasipandwe kivulini. Gari lilipoingia barabarani ilikuwa saa kumi kasorobo, karibu saa ya kumwogesha mama, naye akaenda kuchemsha maji.

Nyumba iliisha Oktoba. Ilikuwa nzuri kweli, na dirisha lake lilitazama zizi. Muriithi na Sophie walikuja kumkabidhi funguo, akapigwa picha mlangoni. Mchungaji aliyeitwa kuibariki nyumba alipomaliza kuomba, Ngendo alisema kwa sauti ya kawaida kwamba mwezi wa kumi na mbili wote atakuwa Nanyuki. Msimamizi mpya alihitaji mtu wa kumfundisha kupogoa.

Muriithi alicheka. Alidhani ni mzaha wa siku ya sherehe. Ngendo hakucheka.

Sophie aliweka sahani yake chini. "Mama anaoga saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi. Maji yasiwe moto sana, na anza na huu mkono wa kushoto, ndio anaogopa."

Muriithi aliwatazama wote wawili, kisha akatoka nje kuzungumza na Wamae juu ya mifereji ya paa.

Sophie alikuja kweli, tarehe mosi Desemba, na watoto wake. Alikaa siku tisa. Siku ya pili Njoki alikataa uji, ya tatu akakubali vijiko vitano, na ya tisa Sophie alipiga simu akisema amejaribu, mgongo umemshinda, Ngendo arudi tafadhali.

Ngendo alikuwa amemaliza safu mbili kati ya saba. Alimwachia msimamizi mpya mkasi, akamwonyesha tena jicho la kukatia, lile linalotazama nje, na kumwambia angerudi mwezi wa pili, Sophie akishapumzika. Kisha akanawa mikono bombani na kwenda kutafuta gari la Nyeri, la kumrudisha Giakanja.