Mtani Katika Koti la Marehemu

Munhamo alilifuta neno "pengo" kwa mara nyingine, akabaki akiitazama simu. Alikuwa ameketi juu ya kreti la soda nyuma ya nyumba ya msiba, kule Glen Norah, mgongo ukiegemea tangi la maji, akiandika tanzia ya rafiki yake Zivanai, mpiga gitaa, kwa kidole kimoja. Mhariri aliitaka kabla ya jioni. Lakini katika miaka yake yote ya kuandika kurasa za burudani, Munhamo alikuwa ameshawaandikia wanamuziki wengi mno kwamba wameacha pengo lisilozibika. Kama mapengo yale yangekuwa ya kweli, Harare nzima ingekuwa mashimo, na watu wangekwenda kazini kwa ngazi.

Halafu kulikuwa na suala la umri. Kila alipomhoji, Zivanai alikuwa na miaka thelathini na tisa. Munhamo aliandika hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa mtu ndiye mwenye umri wake. Sasa kaka wa marehemu, Phineas, aliyetua juzi kutoka Uingereza, alikuwa anasema hamsini na saba.

"Wewe mtani!" Mama Getrude alitokea na mwiko wa kusongea sadza, ugali wa kwao, mkononi. Alikuwa ameolewa katika ukoo wa marehemu, ndiye mkubwa wa jikoni, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Watu wanaomboleza mpaka wanasinzia, wewe umejificha na simu kama kijana aliyepata demu mpya."

"Naandika, mama."

"Marehemu hasomi. Vaa hili." Akamtupia koti jeupe la jukwaani.

Ukoo wa Munhamo na ukoo wa Zivanai zilikuwa koo za watani wa kuzikana tangu enzi za mababu. Wa upande mmoja akifa, mtani wa upande wa pili huvaa nguo zake, akamwigiza mbele ya wafiwa, akaanika na yale yaliyofichwa, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yake Munhamo, mzee aliyeweza kulichekesha hata jeneza. Mzee naye alishazikwa, kazi ikamwangukia mwanawe, ambaye maisha yake yote alikaa safu ya nyuma akiandika jinsi wengine walivyoboronga.

"Kaka Phineas amekataza," alisema Munhamo.

Ni kweli alikuwa amekataza. Phineas ndiye aliyenunua jeneza na ng'ombe, akakodi hema, akaweka na kamera ili waumini wenzake huko Leicester waufuatilie msiba. Asubuhi alisimama akatangaza kwamba mdogo wake atazikwa kwa heshima, na michezo hataki.

"Phineas amkataze mkewe. Mtani hakatazwi. Tena si mimi niliyekuita." Mama Getrude akasogea pembeni.

Nyuma yake alisimama Mama Rudo, mjane. Tangu Jumanne, mumewe alipofariki, alikuwa amekaa mkekani bila kula wala kulia, macho makavu kama kokoto. Munhamo akainuka.

"Baba yako alimwigiza mama mkwe wangu," Mama Rudo alisema taratibu. "Nilimwona kabisa yule bibi, anavyosukuma miwani yake. Munhamo, kesho wanamfunika Zivanai. Nataka nimwone mara moja tena. Yule waliyemlaza mle ndani wamemchana nywele upande. Simjui."

Munhamo akalivaa koti. Mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko.

Aliingia uani, akasimama mbele ya hema, akakohoa kidogo.

"Mimi ni Zivanai," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Akatikisa mabega. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama yule mjomba anaumwa. Munhamo alikwisha kuiona akilini habari yenyewe itakavyosomeka gazetini: mwigizaji alikuja na koti, vingine vyote alivisahau nyumbani. Phineas alikuwa ameanza kunyanyuka kitini.

"Huyo si Zivanai!" Mama Getrude alipaza sauti kutoka kwenye masufuria. "Zivanai alifika kwa wakati lini?"

Watu wawili watatu wakaguna. Munhamo alisimama akalifikiria jambo hilo kwa utaratibu wake. Kisha akafunga kifungo cha koti, akageuka, akatoka nje ya geti akaenda zake.

Hema likabaki linatazama geti. Kamera nayo ikalitazama geti.

"Amekwenda wapi?" Phineas aliuliza.

"Yuko njiani," alijibu Mama Getrude. "Wamesema yuko njiani."

"Wamekuwa wakisema hivyo tangu saa mbili!" alidakia mzee mmoja nyuma. "Turudishieni viingilio vyetu!"

"Mimi kule Gweru nilimsubiri mpaka nikapata mchumba," alisema mwanamke mwenye kitenge cha kijani. "Huyu hapa. Tuna watoto watatu."

Makofi ya kudai yakaanza, kisha miluzi.

Munhamo alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa jirani, akisikiliza. Miaka yote alikuwa upande ule mwingine, akitazama saa na kumlaani Zivanai kwa maandishi. Hakuwahi kusikia jinsi kusubiriwa kunavyosikika ukiwa huku. Watu walikuwa tayari wanacheza, na hata gitaa halijaguswa. Kumbe yule mhuni alikuwa anasimama hivi hivi, gizani, anakula raha yake. Munhamo akasubiri mpaka wa kwanza walipoanza kukata tamaa, ndipo akaingia mbio, kwa ncha za vidole, mikono juu, akijipangusa jasho ambalo hakuwa nalo.

"Jamani! Mashabiki wangu! Gari langu limeharibika—"

"Giaboksi!" hema zima likamjibu.

Akaenda moja kwa moja kwa Phineas, akamkumbatia kwa nguvu. "Kaka! Umekuja! Vile viatu vya ngozi ya mamba ulivyoniahidi viko wapi? Au mamba bado anasoma chuo?"

Phineas aliitazama kamera. Akalitazama hema. Midomo yake ilipigana kidogo.

"Ungenipa saizi yako ya kweli," alisema hatimaye. "Hata miguu uliidanganyia umri."

Mzee wa nyuma alianguka na kiti chake. Vicheko vilikuwa bado vinaruka Mama Rudo alipotokea mlangoni.

"Zivanai," alisema. "Umetoka wapi?"

Jibu lake kila mtu pale alilijua, na Munhamo kuliko wote. Usiku wowote ambao Zivanai hakurudi nyumbani, alikuwa na Munhamo. Na Munhamo, alipopigiwa simu, alikubali kuwa ni kweli, hata kama wiki nzima hawajaonana.

"Nilikuwa na Munhamo, mke wangu. Mpigie umuulize."

"Munhamo! Kila siku Munhamo!" Mama Rudo alishika kiuno. "Bora ningeolewa na huyo Munhamo nijue moja!"

Hema likapasuka. Mama Rudo mwenyewe alicheka huku ameshika mwimo wa mlango, akacheka mpaka kicheko kikavunjika katikati, na kilio kilichokuwa kimekwama tangu Jumanne kikatoka nyuma yake. Wanawake wakampokea. Munhamo alifungua kinywa aongeze neno kwa sauti ya Zivanai, akakuta sauti ile imeondoka, na yake mwenyewe haifai kitu. Akasimama tu pale, mikono ikining'inia nje ya koti.

Baadaye Mama Getrude alipita nyuma ya nyumba kuleta habari: mjane amekula matonge mawili, na amelalamika mboga haina chumvi.

"Amepona," alisema Mama Getrude.

Munhamo alikuwa amerudi kwenye kreti. Alimwambia mhariri kwamba tanzia ataipata kesho, baada ya mazishi, akakata simu kabla hajajibiwa. Ndipo Phineas alipokuja, amevua tai, amebeba gitaa la mdogo wake kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake.

"Mimi sikuwahi kumwona jukwaani," alisema. "Kesho ukimwigiza makaburini, ukoo wake nao uwe na mtu pale, si wewe peke yako. Alikuwa analishikaje hili?"

"Juu kidogo. Kifuani. Kiwiko nje, kaka, nje."

"Hivi?"

"Hapo unaonekana unapalilia."

"Makalio, Phineas!" alipiga kelele Mama Getrude. "Zivanai alipiga gitaa kwa makalio!"

Phineas alichungulia kona ya nyumba kuona kamera inaelekea wapi. Kisha akajaribu. Akajaribu tena, akaligonga tangi la maji kwa shingo ya gitaa, akaomba radhi kwa tangi. Walipoitwa kula, alikuwa bado hajaweza kugeuka bila kujikwaa.

"Tutaendelea kesho asubuhi," alisema Munhamo, akienda kunawa mikono, "kabla basi la makaburini halijaja."