Namba za Darini

Mtaa mzima hakukuwa na mwanamke aliyejua kuua majoka kumshinda Bibi Sindano. Alisema hivyo mwenyewe. Kisha, kwa kuwa Mungu anasikia, akaongeza kwamba hakukuwa na mwanamke mwingine wa umri wake aliyecheza, na kwamba mara nyingi joka ndilo lililomuua yeye.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtandaoni. Aliucheza kwenye simu, kando ya cherehani yake, pamoja na mjukuu wake wa kike aliyehamia mji mwingine kuuza katika duka la dawa. Mjukuu hakugombana na mtu. Alisema tu kazi imemwita.

"Bibi, umevaa nini leo?" sauti yake ilicheka simuni.

"Deraya, vazi la vita la chuma, mke mwenzangu. Mshono umenyooka, haupitishi hata sindano."

"Hiyo si nguo, ni kabati! Utakimbiaje?"

Hakukimbia. Joka lilimkuta palepale.

Ndipo mjukuu alipomfunza. Kila pigo hutoa namba nyekundu juu ya kichwa cha aliyepigwa. Namba hiyo si nguvu ya silaha peke yake; deraya huipunguza. Deraya ikiwa nzito, namba huwa ndogo, na miguu huwa mizito. Sumu nayo hutoa namba za kijani, moja moja, na deraya haiizuii. Bibi alielewa upesi. Sindano ni ileile, lakini jinzi na hariri havitoboki sawa.

Wiki hiyohiyo namba zikaanza kutoka sebuleni.

Bibi aliishi kwa binti yake, mama wa mjukuu huyo. Binti alikuwa anapiga pasi huku anaimba. Mkwe alirudi kutoka ghalani alikokuwa msimamizi, akainama kwa adabu, "Shikamoo, mama," akaitikiwa marahaba, kisha akaokota shati.

"Hata kola inakushinda? Sijui ulifunzwa na nani."

Tisini na sita ikapanda kutoka utosini mwa mkewe, nyekundu, ikagonga dari ikanata. Arobaini ikapanda kutoka kwa Bibi, kwa kuwa ndiye aliyemfunza. Bibi akarudia upindo wa suruali aliokuwa anaushona.

Tangu hapo zilipanda kila siku. Mkwe hakuwahi kuinua mkono, ulimi ulimtosha. Dari ikajaa.

"Dari chafu namna hii, na nyumba ina mwanamke!" alisema, na hamsini na saba ikapanda kuungana na zilizotangulia.

Mwenye nyumba akaja, akatazama juu, akasema madoa ya wapangaji si kazi yake. Binti akapanda juu ya meza akapaka chokaa mwenyewe.

Kisha namba zikaanza kupungua. Thelathini. Tisa. Mwishowe sifuri, nyembamba kama uzi, zisizofika hata kwenye taa.

"Unaona, mama? Amebadilika," binti alisema.

Bibi akatega sikio. Maneno ya mkwe yalikuwa yaleyale, na ukali wake uleule. Silaha haikupungua hata chembe. Aliyebadilika ni binti. Hakuimba tena. Kicheko chake, ambacho zamani kilitangulia mlangoni yeye akafuata, hakikusikika. Akipita, vikombe vilitikisika kabatini, na akiinama kuokota kitu, chuma kililia chini ya gauni.

Asubuhi moja, mkwe akiwa kazini, Bibi alizima simu.

"Mwanangu, twende kwa binti yako. Chumba anacho. Cherehani nitaibeba mwenyewe kichwani."

"Uzee huo na cherehani kichwani! Utavunjika shingo, mama."

"Basi nitavunjika tukiwa njiani."

Binti akajaribu kuinua mguu. Uliachana na sakafu kidogo, ukarudi kwa kishindo.

"Nitaendaje?" alisema. "Na kwa nini niende? Nimezoea. Siumii hata kidogo."

Alisema akitabasamu, pasi mkononi. Nyumba ilikuwa kimya. Kutoka utosini mwake ikachomoza namba moja ya kijani, ndogo kama punje ya ulezi. Nyuma yake moja. Kisha moja tena.

Binti akamwona mama yake anavyotazama juu. Akavuta mtandio upesi akajifunika kichwa.

"Ni mvuke tu, mama. Mvuke wa pasi."

Bibi akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye pasi, akakiacha hapo. Ilikuwa baridi, waya wake ulikuwa bado umezungushwa kwenye mpini.