Ushahidi wa Marehemu Nassibu

Siku ya tano ya uchunguzi, saa nne asubuhi, marehemu Nassibu aliingia ofisini kutoa ushahidi. Alikuwa na fulana ileile aliyozama nayo, na maji ya chumvi yalikuwa bado yanamchuruzika. Kornelio, karani kutoka Bukoba aliyekuwa mkalimani, alimtandikia gunia asiharibu sakafu.

Mkewe, Mwanakombo, ndiye aliyemsihi aje, wakatembea pamoja kutoka Temeke. Mwezi uliopita meli aliyoishikia usukani Nassibu iligonga tishari la mizigo kwenye lango la bandari. Alikufa yeye na makuli wawili, Hija na Marijani, wote majirani zake. Tangu hapo mtaani hakuna aliyeitikia salamu ya Mwanakombo. Alitaka karatasi ya serikali iseme kosa si la mumewe, ili siku ya arobaini watu waje kwenye hitma. Hakutaka kingine, na hata hicho kwa ofisi ile kilikuwa kingi.

"Uliliona tishari?" aliuliza mwenyekiti, Mwingereza, na Kornelio akatafsiri.

"Nililiona, bwana. Lilikuwa kushoto."

"Nahodha alisemaje?"

"Alisema geuza kushoto. Alikuwa katupa mgongo, anakunywa chai."

"Na wewe?"

"Nikasema, kushoto, bwana. Nikageuza."

Alieleza kuwa mshika usukani hurudia amri, hugeuza, basi. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuongeza neno. Mwenzake mmoja aliyeongeza alishushwa Tanga kwa utovu wa adabu.

"Si ungepiga kelele tu, baba Tunu?" Mwanakombo aliuliza.

"Nimpigie kelele mzungu?" alisema Nassibu.

Mwenyekiti aliandika sana, kisha akamshukuru marehemu kwa kuja kutoka mbali. Kornelio akasoma: ajali ilisababishwa na kosa la binadamu. Mwanakombo akauliza binadamu gani. Kornelio akaitazama fomu. Ilikuwa na nafasi ya jina moja la mkosaji, na jina la nahodha lilikuwa limeshaandikwa juu yake, kwenye mstari wa mlalamikaji; nafasi ya mkosaji ikabaki ya Nassibu.

Ili ajali isijirudie, tangazo lilibandikwa katika kila meli: mshika usukani arudie amri kwa sauti kubwa zaidi.

Siku ya arobaini Mwanakombo alitandika mikeka, akapika masufuria mawili ya pilau. Mtaa mzima ulifunga milango. Alasiri wakabisha hodi Hija na Marijani, wameloa chapachapa. Wakanawa mikono, wakaketi na Nassibu, wakala.

Hija akaomba sahani ya mama yake, akaipeleka mwenyewe, nyumba ya tatu. Mama alimfungulia, akamuuliza kapika nani. Hija akamwambia, akamwambia na habari ya nahodha na chai yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema karatasi ya serikali imeshasema, akafunga mlango.

Hija akarudi na sahani, akaila mwenyewe.