Mkanda wa Mama Winnie

"Kipitishe kwa mama Winnie kwanza," fundi mwenzake Joakim alisema bila kuinua kichwa, na Januarius akakichomoa kisu kwenye randa yake, akaenda nacho hadi benchi la ukutani.

Evalina alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, chupa ya chai mkononi. Akawaona tena, mumewe na ule mkanda. Ulikuwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliopigiliwa kwenye ubao, mweusi kwa mafuta na tope la jiwe la kunolea. Januarius alikilaza kisu juu ya ngozi, akakivuta kuelekea kwake, akakigeuza, akakivuta tena, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni ili alale. Kisha akajaribu makali kwenye mkono wake wa kushoto, pale penye kipara. Vinyweleo vichache vilivyokuwa vimeota upya vikaanguka vyote.

Mama Winnie alikuwa Ernestina, mke wa kwanza wa Januarius, aliyefariki miaka sita iliyopita. Mkanda aliutengeneza yeye, na mafundi wa mtaa wa Somanda wakaupa jina lake kwa utani angali hai. Alipozikwa, utani ulibaki karakana.

Jamani, mke mwenza aliye hai ana nafuu yake. Mtagombea maji, mtarushiana maneno, halafu siku moja ataunguza mboga na wewe utapumua. Aliyekufa haunguzi mboga. Evalina alikuwa na miaka miwili kwenye ndoa, hajapata mtoto, na mafundi walimwita shemeji tu. Hata yeye mwenyewe, akimwita mumewe, alisema baba Winnie, kama Bariadi nzima. Wakilala na kiganja chake kikaangukia kile kipara cha mkononi, alikiondoa haraka. Aliuonea wivu mkanda, na kipara nacho akakionea wivu.

Mwezi ule mambo yalizidi kwa sababu ya kitanda. Tangu aolewe alikuwa akilala kwenye kitanda cha Ernestina, na sasa Januarius alikuwa amekubali kumtengenezea chake, futi tano kwa sita, mninga mtupu. Mbao zilikuwa zimeshapangwa sakafuni karakana.

"Na visu vya kitanda changu navyo vinolewe kwa mama Winnie?" Evalina alijiuliza. Hapana, hilo hakulikubali.

Akaenda machinjioni kwa Mayige, muuza ngozi.

"Mwadila, mayu," Mayige alimsalimu.

"Mwadila, baba. Nataka kipande cha mgongoni. Cha dume."

"Cha ngoma?"

"Cha kunolea vyuma."

Mayige alicheka. "Si pale kwenu yupo mama Winnie?"

Evalina alimtazama mpaka kicheko kikamwishia, Mayige akakata kipande.

Kazi ilimla wiki tatu. Aliiloweka ngozi kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yakaachia. Alikwangua nyama kwa panga. Aliiwamba kwa vigingi kivulini, maana ikikaushwa juani inageuka ubao, kisha akaipaka samli na kuikanda, kuikunja na kuikanda, hadi vidole vikamvimba. Uwani kulinuka. Jirani aliyeuliza aliambiwa ni dawa ya kienyeji, akakoma kuuliza. Mwisho Evalina aliipigilia kwenye ubao na kuipeleka karakana mwenyewe.

Januarius aliupokea mkanda kwa mikono miwili, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Wabeja," alishukuru. "Umejitahidi kweli, Eva."

Akauweka kwenye benchi, pembeni ya ule wa zamani. Kisha akachukua patasi, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaenda kwa Ernestina.

Evalina aliumia. Angetukanwa angevumilia, kwa kuwa tusi lina jibu lake.

Kesho yake Januarius na Joakim walipeleka milango Dutwa. Evalina akaingia karakana, akachukua kisu cha randa, akakilaza juu ya mkanda wa Ernestina kama alivyomwona mumewe akifanya. Lakini hakukivuta. Alikisukuma, makali mbele. Je, hakujua? Alijua sana. Mtu aliyesimama mlangoni miaka miwili angekosaje kujua kwamba kisu huvutwa, hakisukumwi? Chuma kiliingia kwenye ngozi kama kwenye papai. Akasukuma tena, na tena, hadi akafika kwenye ubao, na nusu ya mkanda ikaanguka kwenye maranda.

Alitegemea raha, lakini raha haikuja. Alichokumbuka ni Winnie, aliyeolewa Nyashimo, ambaye kila akija kusalimia huugusa mkanda ule kwanza, hata kabla ya kupokelewa mzigo.

Waliporudi saa tisa, Joakim ndiye aliyeona. "Eh! Mama Win..." Januarius akamwambia aende nyumbani.

Evalina alikuwa amekaa juu ya mbao za kitanda chake. "Ni mimi," alisema. "Nimeona wivu, baba Winnie. Nimeshindwa kujizuia."

Januarius aliokota kile kipande, akakikung'uta maranda, akakiunganisha na mwenzake kwenye ubao.

"Mkanda wa kwanza ulikuwa wa mama yangu," alisema. "Ernestina aliutumbukiza chooni. Alisema nampenda mama kuliko yeye. Mama alimsema wiki nzima, ndipo akatengeneza huu. Aliutengeneza huku analia."

Evalina hakujua acheke au alie. Ernestina yuleyule, asiyeunguza mboga!

"Miezi miwili nilinolea kwenye suruali," Januarius aliongeza, na nusura atabasamu. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Lakini Ernestina alikuwa na mama wa kumwomba msamaha. Wewe utamwomba nani?"

"Winnie," Evalina alijibu. "Nitampigia mwenyewe."

"Utampigia leo."

Akavifunga vile vipande kwenye kitambaa na kuviweka chini kabisa ya sanduku la vifaa. Halafu akausogeza mkanda wa Evalina katikati ya benchi, akaupaka tope la jiwe, akavuta kisu. Ngozi ilikwaruza. Alipojaribu makali mkononi, vinyweleo vililala tu, vikainuka tena.

"Mgumu," alisema. "Haujazoea chuma. Njoo uvute wewe. Usisukume."

Evalina alivuta. Alivuta mara kumi, mara ishirini, jasho likimtiririka shingoni. Januarius akanyoosha mkono wa kushoto, akamwonyesha mahali pa kujaribia, si kwenye kipara, bali juu yake, karibu na kiwiko, ambako hakujawahi kupita chuma.

Akaweka makali pale kwa woga. Vinyweleo viwili vilianguka juu ya mbao za mninga. Vingine vyote vilibaki vimesimama, naye akageuka, akarudi kwenye benchi kuvuta tena.